Matabishi Niliyopokea Kabla Boti Haijaondoka

Goma, kwetu Majengo, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Kwako yaya wangu Masika, dada mukubwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na nyumba yote. Mumeamukaje huko Butembo? Muguu wa Mama umepata nafuu, ama bado anaukanda na maji ya moto na chumvi kila asubuhi? Na watoto wangu, Paluku na Kahindo, wanakula? Hawakusumbui sana? Kila mutu anayetoka huko ninamuuliza kama amewaona, hata kama hawajui.

Mimi niko muzima wa mwili. Ni moyo ambao hauko sawa, ndiyo sababu sikupiga simu. Nikipiga, unaweka sauti kubwa ili Mama naye asikie, na haya sitaki ayasikie hivyo. Barua nimemupa mama Jeanne wa maharagwe, aikabidhi mukononi mwako tu. Isome peke yako kwanza, halafu utaona wewe.

Unajua Mama anaamini ninapanga vitanda hotelini. Hoteli ni kweli, yaya. Lakini iko kando ya ziwa, na ina ponto yake, ile njia ya mbao inayoingia majini ambapo boti zinafungwa. Kazi yangu iko pale. Boti ikikaribia ninapokea kamba, ninaifunga, ninashika watu mukono wasiteleze. Zinakuja boti za wakubwa wanaotembea siku ya posho, yaani Jumamosi, na kila asubuhi inaondoka moja ya abiria kwenda Bukavu. Kabla haijaondoka, ninamuvika kila mutu jile, ile koti ya rangi ya chungwa inayomufanya mutu aelee.

Mushahara ni mudogo. Kinachowalisha watoto wangu huko kwako ni matabishi, zile pesa za asante ambazo mugeni anakuachia mukononi, na matabishi ya pale pontoni iko na adabu yake. Aliyenifundisha ni papa Anselme, muzee wa Idjwi ambaye amefunga boti tangu mimi sijazaliwa. Wiki yangu ya kwanza aliniona nimesimama mbele ya mugeni kama mutu anayengoja kitu. Akaniita pembeni.

"Usimutolee mutu mukono mutupu," aliniambia. "Mukono wako uwe na kamba. Anayetaka kukupa atakungoja umalize fundo."

Akanifundisha na mengine. Pokea kwa mikono miwili. Usiifungue noti mbele yake. Akikupa dola iliyopasuka, ile ambayo wabadilishaji wataikataa, mushukuru sawa na yule aliyekupa mupya. Asiyekupa kitu, mushike mukono vilevile siku ingine. Na yote tunaweka pamoja, jioni tunagawana sisi wa kamba. Jambo moja alilisema akiwa ameninyooshea kidole: "Ya nyuma ya safari ni asante. Ile ya mbele ya safari, jiulize kwanza mutu ananunua nini."

Niliitika ndiyo papa, ndiyo papa. Mwaka mumoja na nusu sikukosea.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya pili, Jumanne, si ya wiki iliyopita, ni ya wiki iliyoitangulia. Boti ya Bukavu iko na viti ishirini na vinne, majile ishirini na nne, na listi ya majina ishirini na nne. Ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeanza kufungua kamba ya mbele nikaona mama anakuja mbio, kitenge kimelegea, kiatu kimoja ameshika mukononi.

"Mama, unisaidie," alisema, pumzi hana. "Binti yangu anapasuliwa leo Bukavu. Mutoto amekaa vibaya tumboni. Hana mutu pale, niko peke yangu."

Nikamuambia imejaa, aende bandari ingine ajaribu. Akasema ametoka huko. Halafu alinishika mukono kama anayeniaga, na nikasikia karatasi kwenye kiganja. Sikuwa nimemufungia kamba yoyote, sikuwa nimemubebea kitu. Niliangalia: dola kumi, nzima, safi.

Yaya, nitakuambia ukweli. Nilimuhurumia yule mama, lakini si huruma iliyofunga kiganja changu. Nilikuwa nawaza ujumbe wako juu ya Kahindo kurudishwa kutoka masomo kwa kukosa pesa. Papa Anselme alikuwa mwisho wa ponto, anajaza mafuta boti ingine, ametupa mugongo. Kulikuwa na jile moja tuliyoweka pembeni sababu kifungo chake kilivunjika. Nilimuvika ile, nikaifunga kifuani na kamba nyembamba. Kapiteni aliona. Nilimuangalia, naye akageuza macho upande wa Rwanda kama mutu anayetazama hali ya hewa. Yule mama alikaa nyuma, katikati ya magunia. Jina lake sikuliandika, hata sikumuuliza.

Boti ikaondoka. Ziwa lilikuwa limelala.

Saa nne hivi upepo ulitoka upande wa kusini. Si upepo tu, mvua yake ilikuwa nyeusi, Idjwi ikapotea, na mawimbi yakaanza kupanda juu ya mbao tulizosimama. Tulifunga boti zote kamba mbili mbili. Nilikuwa nafunga nikitazama ziwa. Saa sita boti ilipaswa kuwa imefika. Bukavu wakasema hawajaiona. Simu ya kapiteni ilikuwa imekufa. Ndugu za abiria wakaanza kufika mumoja mumoja, wakajaa biro, ofisi ya mukubwa wetu, nguo zao zinatiririka maji. Mimi sikuingia. Nilikaa chini ya bati nje, ile noti kifuani inaniwasha kama upupu.

Saa nane simu ililia. Mulango ulikuwa wazi, na mukubwa akaweka sauti kubwa. Alikuwa musaidizi wa kapiteni, anapiga kwa simu ya muvuvi wa Idjwi. Alisema mota ilizimika, maji yakaingia, boti ikapinduka. Wavuvi walikuja na mitumbwi wakaokota watu. Kapiteni amegongwa kichwa, amelala, hasemi kitu kinachoeleweka.

"Abiria uko nao wangapi?" mukubwa aliuliza.

"Ishirini na wanne. Nimewahesabu mara mbili, mukubwa. Wote tuko nao."

Yaya, ungesikia ile biro. Watu walikumbatiana bila kujuana. Mama mumoja wa Katoyi, muke wa fundi wa nguo anayeitwa papa Olivier, alianza kuimba wimbo wa kanisa, na wengine wakamufuata wakipiga mikono.

Mimi nilikuwa nimesimama pale mulangoni. Ishirini na wanne. Nikajiambia labda amehesabu vibaya. Nikajiambia labda yule mama alishuka mahali. Ashukie wapi, katikati ya maji? Nikajiambia pia, na hii sijamuambia mutu mwingine, kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, maana hakuna karatasi yenye jina lake. Sijui nilinyamaza dakika ngapi. Wimbo ulikuwa umefika ubeti wa tatu. Kule Idjwi wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi yao nchi kavu sababu kazi imekwisha, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Papa Anselme akaniona. "Unalia nini? Si wamepona?"

"Papa, walikuwa ishirini na watano."

Alinitazama. Hakuniuliza kwa nini, nafikiri aliona yote usoni mwangu. Akasema tu, "Ingia useme. Sasa. Mimi siwezi kukusemea, wataniuliza amevaa nini nami sikumuona."

Niliingia. Ilibidi nipige kelele ili wimbo unyamaze. "Mukubwa, kuna mama mumoja hakuandikwa. Nilimupandisha mimi. Hesabu haijatimia."

Mukubwa alisimama, mukono juu. Nilifunga macho. Hakunipiga. Nilipofungua alikuwa anabonyeza simu. Haikupita. Akabonyeza tena, haikupita. Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, hata kuliko siku mabomu yalianguka hapa Goma, sababu siku ya mabomu mimi sikuwa nimefanya kitu. Mara ya tatu ikapita.

"Usihesabu vichwa!" alipiga kelele. "Chukua majina. Ninasoma, mutu aitike yeye mwenyewe!"

Akasoma. Tulisikia sauti zikiitika kutoka huko, moja moja, zingine za baridi, zingine za kulia. Niko. Niko. Kila jina nilikuwa nangoja kama mutu anayengoja kofi. Yule mama asiyeandikwa nilisikia sauti yake katikati, anauliza, "Na mimi, mimi hamuniiti?" Alikuwa hai. Nilitaka kuanguka kwa furaha. Lakini mukubwa alikuwa bado anasoma.

"Olivier."

Kimya.

"Olivier, fundi. Katoyi."

Kimya, yaya. Upepo tu kwenye simu. Yule mama niliyemupandisha ndiye aliyekuwa amejaza nafasi yake kwenye hesabu. Muke wa papa Olivier alikuwa bado ameweka mikono pamoja kama ya kupiga makofi. Aligeuka akaniangalia, mimi, si mukubwa. Yale macho bado ninayaona nikivuka barabara, nikinunua unga.

Mitumbwi ilirudi majini. Tulingoja hadi jua limeshuka juu ya milima ya Masisi. Muke wa papa Olivier alikaa kwenye ngazi ya biro, nami nilikaa hatua tatu kutoka kwake, sikuthubutu kusogea karibu wala kwenda mbali. Simu ilipolia tena, mukubwa alisikiliza mwenyewe kwanza, uso umegeukia ukuta, halafu akasema: "Wamemupata. Anapumua." Alikuwa kwenye mawe ya kisiwa kidogo, amekumbatia bido, dumu tupu la mafuta. Walisema vidole vyake vilikataa kufunguka, wakamubeba na bido yake.

Yaliyofuata ni ya biro. Wakubwa wa ziwa waliniita siku mbili. Nilisema yote, sikupunguza. Ile noti niliiweka juu ya meza, na hakuna aliyetaka kuigusa hadi mwandishi wao akaitia kwenye ambulopu ya barua. Kapiteni ameachishwa kazi. Mimi wamenikata mushahara wa mwezi muzima, lakini wamenirudisha pontoni kwa sababu papa Anselme alikwenda kunisemea akiwa amevaa koti lake la kanisa. Kwa hiyo mwezi huu sitatuma kitu, nisamehe, na umuombe mwalimu wa Kahindo atuvumilie. Yule mama alifika Bukavu kesho yake. Binti yake amepona. Mutoto hakuishi.

Juzi, siku ya tano, papa Olivier alikuja pontoni. Nilimujua kabla hajasema jina, sijui namna gani. Ni mutu mufupi, mupole, vidole vyake bado vina vitambaa vyeupe.

"Ni wewe uliyesema?" aliniuliza.

"Ni mimi, papa. Na ni mimi niliyemupandisha yule mama."

"Najua. Muke wangu ameniambia yote mawili. Anasema hajui akubariki ama akulaani."

Nilimuuliza, "Na wewe, papa?"

Alitazama maji. "Mimi niko na nguo za watu zinaningoja Bukavu. Nimewachelewesha. Boti ya leo iko na nafasi?"

Nafasi ilikuwa. Aliniomba niandike jina lake mbele ya macho yake, halafu nimusomee kwa sauti. Nilimusomea. Nilimuvika jile mupya, nikavuta mikanda, nikaifungua, nikaifunga mara ya pili. Hakuna aliyecheka. Akakaa katikati. Nilihesabu watu nikimugusa kila mumoja bega, nikahesabu tena, nikafungua kamba. Alikuwa anatazama mikono yangu hadi boti ilipogeuka. Hakunipa kitu, na nilishukuru.

Kila asubuhi ninaogopa, yaya. Boti ikiondoka sitoki pontoni hadi Bukavu watakapopiga simu. Papa Anselme anasema itapita. Sijui kama nataka ipite.

Unisalimie shemeji, umuambie radio yake nitaitafuta hapa Murara. Unisalimie baba mudogo wa katekisimu, atuombee sisi wa maji bila kueleza sababu. Unisalimie shangazi anayeuza makala ya kupikia na jirani aliyekulelea Kahindo alipokuwa na homa. Watoto wabusu kwenye vichwa, waambie barabara ikitulia nitakuja. Mama umuambie haya siku utakayoona muguu wake umepata nafuu.

Na uniandikie jambo moja: kama ungekuwa wewe pale mulangoni, ungesema mara moja, ama nawe ungenyamaza kidogo? Usinidanganye ili nilale vizuri.

Ni mimi mudogo wako wa tumbo moja,

Kavira