Kadzo Wawili Ndani ya Programu Moja

Jumamosi, Utange. Mvua ya asubuhi imekatika, mabati yanakauka, na mimi nina furaha kubwa.

Lakini nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa kidato cha kwanza, siku ya zawadi, mwalimu aliita "Kadzo Charo" kwa insha bora. Nikasimama, nikapokea kitabu cha hadithi, nikapigiwa makofi. Nyumbani nikakifungua. Ndani ya jalada paliandikwa namba ya usajili, na haikuwa yangu.

Ilikuwa ya somo yangu.

Shuleni tuko Kadzo Charo wawili. Baba yangu na baba mdogo kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo desturi yetu Wagiriama, kisha sote tukaandikishwa kwa jina la babu. Ndiyo maana tunaitana somo. Yeye ni mcheshi; mimi huzungumza zaidi na vitabu. Kile kitabu cha zawadi nimekificha chini ya nguo miaka miwili.

Sasa furaha yangu. Chama chetu cha kompyuta kilinipa kazi ya kuandika programu ya maktaba kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Ndani yake kila mwanafunzi ni kitu chenye jina, darasa na namba. Akija kuazima, programu huunda kitu kipya kutokana na anayoyaandika, kisha hukilinganisha na vilivyomo kwenye orodha. Nililinganisha kwa alama mbili za usawa, ==, na programu ikasema haimjui mtu yeyote. Hata mimi niliyeiandika. Wiki nzima nilidhani mashine ni mbovu.

Kumbe alama hizo haziulizi kama vitu viwili vinafanana. Zinauliza kama ni kitu kilekile, kilichokaa mahali palepale katika kumbukumbu ya kompyuta. Daftari mbili zenye maneno yaleyale bado ni daftari mbili. Ukitaka kulinganisha yaliyomo, unaandika mbinu iitwayo equals, na ni wewe unayeamua kitakachotazamwa.

Ni wewe unayeamua. Niliposoma hapo nilitaka kuruka.

Nikaamua jina.

Jana tukaijaribu mbele ya chama. Niliazima kitabu, ikakubali. Akaja somo kuazima chake, ikamkatalia: Kadzo Charo ana kitabu tayari. Wenzetu wakaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Basi somo," akaniambia, "leo kale wewe chakula cha mchana, mimi nitashiba."

Mwalimu wetu wa kompyuta hakucheka. Aliniuliza ni nini ambacho kila mmoja wetu anacho peke yake.

Namba ya usajili. Nikaiandika upya ile equals itazame namba badala ya jina, nikaendesha tena, na kwenye skrini tukawa wawili. Wallahi sijawahi kusikia raha kama ile. Usiku nililala nikitabasamu.

Kisha nikakumbuka jalada. Programu yangu ilikosea kama alivyokosea yule mwalimu wa zawadi. Lakini yeye alikuwa na jina tu mdomoni. Namba niliiona mimi, nikanyamaza.

Niliogopa kwamba nikisema, hataniita somo tena. Sina rafiki mwingine wa karibu hivyo.

Leo mvua ilipokatika nilikitoa kitabu, nikaenda kwa baba mdogo. Nikamwamkia mama mdogo shikamoo, nikaketi na somo kwenye mkeka, nikamfunulia jalada. Akaisoma namba yake mara mbili.

"Nilipokuona umesimama," akasema, "nilijua insha yangu ilikuwa mbaya."

Hakuwa akitania. Nikamwomba msamaha kwa kunong'ona. Akapekua kurasa nilizozichakaza kwa kuzisoma. Kisha akakirudisha mikononi mwangu.

"Adhabu yako, unisomee. Chote. Na kwa sauti, somo, usininong'onezee."

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma kwa sauti mpaka mama mdogo akaacha kazi zake, akaja kusikiliza mlangoni.