Lugha ya Besmenti

Minneapolis, Aprili 2016

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu hukupenda mtu akuingilie bila kukuamkia, hata akiwa na habari ya moto mkononi. Najua hutaitika. Marahaba yako ilikuwa ndefu, ukiivuta makusudi mpaka tucheke, na hiyo ndiyo sauti ninayoitafuta humu ndani kila nikiamka.

Mama katoka eda Alhamisi. Wanawake wenzetu wa pwani walikuja na vikapu vyao mapema, wakamkogesha, wakamvika leso mpya, wakamfukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikaanza kulia na mpangaji wa juu akashuka mbio na soksi, akidhani twaungua. Mama akacheka. Baadaye akalia, kisha akaniuliza kama nimekula. Koti lako bado limetundikwa karibu na mlango na hataki mtu aliguse. Mimi nalipita nimeinamisha kichwa.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za udi na makoti. Nimekuja na habari ya Salim.

Huyo kitinda mimba wako hajatulia tangu wakuzike siku ile ya baridi, wanaume waliporudi na barafu kwenye ndevu na sisi wanawake tukawapokea na kahawa. Kila akitoka kazini Plymouth, badala ya kushika njia ya kwake Woodbury, anapitia hapa Phillips. Wakati wa theluji alikuwa akisafisha ngazi hata kama mimi nimeshazisafisha. Akimaliza anakaa na Mama. Mama husema naye Kiswahili, naye hufahamu, lakini jibu lake ni Kizungu kitupu, na Mama na Kizungu chake cha dukani hapati hata nusu. Basi mimi katikati, nageuza ya huyu kwa lugha ya yule. Ndivyo tulivyokuwa hata ulipokuwapo, ila wewe ulikuwa ukisema naye Kizungu moja kwa moja, na mimi nilikuwa nikinung'unika kuwa unamdekeza. Kumbe bora ulimdekeza, maana mlisikilizana.

Juzi tulikuwa tunamngoja Mama kwa daktari wa macho. Salim akaniambia kilichomkaa rohoni. Alisema kwamba alikupa ahadi pale hospitali na hajui kama uliipokea. Yule mtaalamu wa usemi alikuwa amemweleza kuwa kiharusi kinaweza kumwachia mtu maneno yanayomtoka tu kama kwikwi, bila maana yoyote nyuma yake. Neno hilo amelishika, Baba, limemganda. Akasema, sauti chini, huenda alimuahidi mtu aliyekwisha ondoka.

Nilitaka kumgombeza. Lakini mtaalamu yule alisema mbele yangu pia, na mimi ndiye niliyemtafsiria Mama. Nikabaki kumtazama ndugu yangu akikunja na kukunjua stakabadhi ya maegesho mpaka ikachanika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi nyuma kichwani, mpaka besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, maana yote yalianzia huko, karibu na mashine ya kufulia.

Unajua tulikuwa wadogo kiasi gani? Mimi nilikuwa nimeshajua kusoma, Salim ndiyo kwanza anajifunza herufi. Ulikuwa na kompyuta yako ndogo umeiunga kwenye televisheni mbovu, na kutwa nzima ya Jumamosi hutoki. Mama akisema umeoa mke wa pili huko chini. Siku moja ukatuita, ukatukalisha juu ya kapu la nguo, ukatusimulia ulivyofika huku kijana wa kusoma, ukapata kazi kwenye kiwanda cha kompyuta, zile kubwa za kujaza chumba. Wazee wa kazi uliowakuta walikuwa wameanza enzi ambazo mtu aliandika namba tupu, kila agizo kwa mashine lina namba yake, na mashine nyingine ikija, namba nyingine, mjifunze upya. Akatokea mtu akasema, kwa nini mashine isijitafsirie yenyewe? Sisi tuandike maneno, yenyewe iyageuze namba. Watu wakamcheka. Mashine inajumlisha, walisema, tangu lini ikasoma? Na wale mabingwa wa namba hawakutaka kabisa, maana kazi yao ilikuwa ufundi wa siri. Hapo ulikuwa ukiwaiga walivyobinua midomo.

Ndipo zikaja kompaila, programu za kutafsiri. Ikaja Fortran ya watu wa hesabu, ikaja Kobol ya watu wa biashara, na wewe ukawekwa kwenye kikundi cha kutengeneza mojawapo ya hizo kompaila. Ulikuwa ukijivuna nayo, Baba, usikatae. Ila maneno yake yote yalikuwa Kizungu. Ukamuuliza mkubwa wako, "Kwani mashine ni Mwingereza?" Alicheka akadhani ni mzaha. Wewe ukaliweka moyoni miaka na miaka, mpaka kiwanda kikadidimia, mpaka ukapata kazi nyingine, mpaka ukatuzaa sisi, halafu ukaitengeneza kwenye besmenti kompaila inayosoma Kiswahili.

Haikuwa na maneno mengi. SOMA, ANDIKA, WEKA, TOA, KAMA, NGOJA, RUDIA, MPAKA, MWISHO, na mengine machache. Sisi tuliiita lugha ya besmenti. Tulichora nayo nyota kwenye televisheni, tukaifanya ihesabu kwa tano tano, tukaiandikisha jina la Mama mpaka likajaa kioo.

Lakini ilikuwa kali! Ukikosea neno moja inasimama na kukwambia, "Sielewi", na mstari wenyewe inakutajia. Nilikusihi uifanye ijazie yenyewe, si inaona nilichokusudia? Ukakataa katakata. Ulisema mliwahi kujaribu kuwa na kompaila ya kujua mambo, inayokisia, mkaishia kupata majibu mazuri ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Yako haikisii. Na ukianzisha kazi ya kurudia, lazima useme inarudiwa mpaka lini, la sivyo inakwambia, "Rudia hujaifunga." Salim alikuwa akisahau kila mara. Alilia kwa hilo, akaipiga televisheni teke, ukamtoa nje akapunge upepo, akarudi akaandika tena. Ikikubali, inaandika, "Nimeelewa." Hapo ndipo mtoto alikuwa akirukaruka juu ya kapu la nguo.

Na ulitulazimisha kusoma kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Ulituambia enzi za kadi za matundu mtu alikabidhi kadi zake dirishani na kurudi kesho kuchukua jibu, na kosa la kizembe lilikula siku nzima, basi mlijizoesha kuyatamka yote kwanza, mkajisikia wenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sababu yalimkaa kichwani, Baba. Salim hajawahi kunijibu kwa Kiswahili hata siku moja, lakini maneno yale machache aliyatamka maelfu ya mara akiwa na meno ya utoto. Ndicho Kiswahili pekee kilichowahi kupita mdomoni mwake.

Halafu kiharusi. Sipendi kukuandikia hapa lakini nitaandika. Kilikuchukulia Kizungu chote. Miaka yote ya Minnesota, ya kiwanda, ya kubishana na redio, ikafutika kwa siku moja. Kiswahili ulibaki nacho kidogo, cha pole pole, cha Mombasa ya utotoni mwako. Muuguzi akikuuliza kama una maumivu unamtazama kwa adabu tu. Salim akaja, akashika kitanda, akaanza kusema nawe kama kawaida yenu, na wewe ukamtazama kwa adabu ile ile. Nilimwona ndugu yangu anavyonywea.

Wewe ulikuwa na swali moja. "Mama yenu je? Atabaki na nani?" Nikikujibu kuwa nipo mimi, unaitikia kwa kichwa, kisha macho yanakwenda kwa Salim. Nikakwambia Salim anasema atamtunza. Ukaniambia, "Wasema wewe." Hukutaka yangu, ulitaka yake.

Alasiri ile Salim aliniomba ninyamaze. Aliniomba kabisa, kwa heshima, nisigeuze neno. Akavuta kiti. Akaanza na sentensi nusu Kizungu nusu sijui nini, akichapia, Mama ndani yake na neno la kutunza kwa Kizungu. Ukakunja uso. Ukasema, "Sielewi." Ukapumua, ukaongeza, "Mstari wa kwanza."

Salim akaganda. Nikaona kitu kinampitia usoni. Akasogeza kiti karibu zaidi, akanyoosha kidole juu ya shuka kama anafuata mistari, akasema taratibu, kwa ule ulimi wake wa Kimarekani, "Weka Mama kwa Salim. Rudia."

Ukangoja. Ukasema, "Rudia hujaifunga."

Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mpaka mwisho," akasema. "Mpaka mwisho, Baba."

"Nimeelewa," ukasema, ukafumba macho. Hukusema tena. Alfajiri ya kesho yake ulikwenda.

Sasa haya yote nilikuwa nayo, yamekaa kichwani kama nguo ambazo hazijakunjwa. Jana nilikuwa nachagua mchele, maana Mama haamini kuwa mchele wa huku hauna mawe, na mara mkono ukasimama. Kwikwi ni moja, Baba. Mtu mwenye kwikwi hachagui. Lau ni maneno yanayokutoka tu, ungemwambia "Nimeelewa" tangu mara ya kwanza, au ungemwambia "Sielewi" mara zote. Wewe ulimkataa kwa sababu moja, ukamkataa tena kwa sababu nyingine, na kila sababu ilikuwa ya haki. Sentensi ya kwanza kweli haikueleweka. Ya pili kweli haikuwa na kikomo. Ulimkubalia ilipokamilika, si kabla. Ulikuwapo! Ulikuwa mzima mzima ndani mwako, ukisoma kila neno, na hukumkisia mwanao hata kidogo.

Nikatoka na kandambili, sikuweka hata sinia la mchele. Salim alikuwa mbele ya nyumba anabadilisha magurudumu ya theluji ya gari la Mama. Nikamwambia yote nimesimama pale na sinia bado mkononi. Unamjua, si mtu wa kukubali kirahisi. Akaniambia nirudie kwa mpangilio, kilisemwa nini, kikajibiwa nini. Akatafuta kosa. Akauliza kama huenda ilikuwa bahati tu. Nikamwambia atengeneze yeye bahati ya kukataa mara mbili kwa sababu mbili sahihi, tuione. Akaweka spana chini, akakaa kwenye ngazi, akalia kwa sauti, jirani wa pili akafungua pazia akalifunga. Nilikaa naye. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi, nayo ikajaa usoni mwake.

Halafu akainuka akaingia ndani kwa Mama. Nami nikamfuata kwa mazoea, nikageuze. Nilifika mlangoni nikasikia anasema, "Mama. Mimi. Ngoja hapa. Mpaka mwisho." Mama akamuuliza kwani leo hali chakula kwake. Akajibu kitu, sijui neno gani, na Mama akacheka kile kicheko chake cha zamani ambacho hatujakisikia tangu uondoke. Sikuingia. Nilibaki nje na baridi, nashikilia kitasa.

Nikiwa pale ndipo nilipojua kwa nini moyo wangu umekaa vibaya hivi. Siku zote zile za hospitali nilikuwa nasema. Nilisema ya daktari, ya muuguzi, ya Mama, ya ndugu zako wa Mombasa kwenye simu. Nilichoka kwa kusema. Na langu sikulisema, kwa kuwa kila nilipofungua mdomo lilikuwapo la mtu mwingine la kupitisha. Uliniuliza mara moja, umenishika kidole, "Waogopa?" Nikakwambia daktari anasema usiogope. Hukuuliza habari ya daktari. Uliniuliza mimi.

Niliogopa, Baba. Nilitaka nipande kitandani nilale mgongoni mwako kama nilivyokuwa mtoto. Nakupenda, na sikukwambia. Nyumba hii siiwezi bila wewe, na kila mtu ananiona mimi ndiye ngangari. Naogopa hata sasa ninapoandika. Haya ni yangu, hakuna aliyenituma.

Naahidi mambo mawili tu. Salim na Mama sitawageuzia tena, wakwame wenyewe, wachekane, wafike polepole. Na anayeniuliza habari yangu, nitampa yangu.

Lala salama, baba yangu. Mola akupanulie kaburi na akufanyie joto katika ardhi hii ya baridi.

Mwanao,
Zuhura