Bomba la Baba Mkwe

Jumapili, 2 Machi
Imekufa tena! Beringi ya gurudumu la mbele kushoto. Mke wangu, dereva wetu, alitoka njiani mbio hazijafika hata nusu, akashuka garini. Baadaye akasema usukani ulikuwa unatetemeka kama una homa. Nikainua gari kwa jeki, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa — linacheza. Ukilizungusha linanguruma. Ya tatu hii tangu mwaka uanze. Mafundi wa timu nyingine wanatupa pole huku wanacheka pembeni.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mnunuzi wetu wa vipuri, kwa hiyo macho yote kwake. Akaapa hajanunua bandia. Akasema tukitaka ataitafuna moja mbele yetu.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimechunguza kwa utaratibu, si kwa kubahatisha. Shemeji kasema kweli, beringi ni halali. Nikafikiria kona: uwanja wetu karibu kona zote zinakata kulia, uzito unalalia kushoto. Lakini kona zile zile wanapita wenzetu wote. Joto la breki je? Grisi haijaungua. Chuma kinachobeba beringi nimekipima, hakijapinda. Basi ni nini?

Baba mkwe akapita, akanigonga bega, akasema fundi haogopi chuma. Kisha akaingiza beringi mpya mwenyewe, kama kawaida. Hapa gereji kazi hiyo ni yake. Tangu mikono ilipoanza kumtetemeka alituachia injini, gia, umeme, kila kitu — ila hii. Tena kwa gari la bintiye ndiyo usiguse kabisa! Ana kipande cha bomba alichokikata ujanani, kimeng'aa kwa kushikwa. Anakiweka juu ya beringi, anapiga nyundo, sisi tumesimama kimya. Presi, mashine ya kusukumia beringi, tunayo, imefunikwa turubai kule pembeni. Anasema presi haina masikio, yeye anasikia chuma kikikaa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeipasua ile iliyokufa kwa grenda. Bora nisingeipasua.

Beringi ni pete mbili, ya nje na ya ndani, gololi katikati. Ukiiingiza kwenye chuma chake unasukuma pete ya nje, maana ndiyo inayobana. Ukisukuma ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinachimba njia yake. Nimeona vishimo. Vidogo, vimezunguka pete nzima, kimoja kwa kila gololi. Kona haifanyi hivyo. Joto halifanyi hivyo. Nikalichukua lile bomba, nikaliweka juu ya beringi mpya. Limekaa sawasawa — kwenye pete ya ndani! Ya nje hata haliigusi.

Kumbe ni mzee. Beringi zinaumia kabla hazijatoka gereji.

Na nitaanzaje? Nalala kwake, nala kwake. Spana ya kwanza kuishika maishani ni yake. Halafu nikamwambie baba wa mke wangu kwamba mkono wake ndio unaomhatarisha binti yake?

Jumapili, 9 Machi
Nilijaribu mezani, kwa kuzunguka mbuyu. Nikauliza kama bomba lile linaenea kwenye magari ya siku hizi. Mzee akacheka hadi akakohoa. Akasema bomba hilo limekula chumvi nyingi kunishinda. Shemeji naye akadakia: nikitaka kurithi, ningoje kwanza mzee azeeke. Wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka!

Chumbani nikaanza tena na mke wangu, nikataja tu jina la bomba. Akanikata. Akasema baba amebakiwa na hiyo kazi moja, sijaona anavyonawa mikono kabla hajaanza? Nimwache. Hakujua nilitaka kusema nini, na sikumalizia. Mbona sikumalizia?

Alhamisi, 13 Machi
Nimefanya. Shemeji alimpeleka mzee kliniki, mke wangu yuko sokoni. Nikafunua presi, nikang'oa beringi aliyoipiga mzee, nikaingiza mpya kwa kusukuma pete ya nje. Imeingia taratibu, bila kelele. Turubai nikalirudisha na vumbi lake. Mwizi ndani ya nyumba iliyonipa mke.

Jumapili, 16 Machi
Imeshika! Mbio nzima! Mke wangu kamaliza wa pili. Nimegusa gurudumu, vuguvugu tu.

Mzee akaliinua bomba juu mbele ya watu kama kombe. Mlisema kona, mlisema bandia, mkono ni huu! Wakampigia makofi. Nikapiga na mimi. Mke wangu akamkumbatia, akalia kwa furaha. Nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe. Nikisema sasa simnyang'anyi kazi tu, namnyang'anya na siku hii.

Jumatano, 19 Machi
Mzee katangaza: fainali inataka beringi mpya. Ataiingiza palepale uwanjani, asubuhi, watu waone. Nikasema iliyopo ni nzima, ya nini kuichokoza? Akanijibu nisiwe mwoga.

Mwoga ni kweli. Uwanja wa fainali una kona ndefu inayopitwa kwa kasi, na nje yake ni ukuta. Gurudumu likilegea pale hakuna pa kukimbilia. Sijala tangu mchana.

Jumapili, 23 Machi
Naandika chooni, uwanjani. Hakuna pengine pa kukaa peke yangu.

Bomba nililificha nyumbani chini ya magunia. Shemeji kaja nalo, anatabasamu: shemeji, umesahau roho ya timu. Beringi nzima imeshang'olewa, na ikishang'olewa hairudi. Mpya imewekwa mahali pake, haijapigwa bado. Mzee akanawa mikono, akashika bomba, akainua nyundo. Mkono ukamtetemeka vibaya. Akaishusha. Nikasema, "Baba —"

Akadhani naomba nipige mimi. Akaninyooshea nyundo. "Piga wewe, mwanangu. Mimi nimechoka."

Mwanangu! Miaka yote hii ananiita mkwe. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, mke wangu anatutazama amevaa suti yake ya mbio, mkono mdomoni. Nikasema naomba kwenda haja, nikakimbia. Mwanaume mzima!

Shemeji kagonga. Sasa ni mke wangu anayegonga. Anauliza kama tumbo linaniuma. Anasema baba bado ameinama, ameshikilia bomba juu ya beringi, hataki mtu mwingine aiguse hiyo nyundo. Wanafungua njia ya mbio sasa hivi.

Nimemwambia naja.