Twalib na App Zake za Uhuru

Nusaiba shoga, nipo jikoni nacheka hadi machozi. Mume wangu kaumbuka!

Si unajua Twalib alivyotuondoa kwenye app za kampuni kubwa? "Mnachungwa kama mbuzi!" Picha zote akahamishia kwingine, akaweka na app mpya ya kutoa namba za siri; bila namba hizo huzifungui picha.

Leo simu imegoma, fundi wa Mabibo kaifuta yote. App nayo imekwenda.

Namba za akiba, zile za kufungulia app ikipotea? Alizipiga picha, akazihifadhi humohumo kwenye picha zake. Humohumo, Nusaiba!

Na Jumapili ndo arobaini ya mama yake. Kanigeukia analia: "Wewe si unazo picha za mama?"

Nikamjibu, "Si uliniamuru nifute, mume wangu?"

Shoga, sijafuta hata moja. Acha alie kwanza.