Mwasho wa Mchakamchaka

Jumanne, 10 Januari 1995
Mchakamchaka tena. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, kwa kuwa ni mdogo kuliko walimu wote. Natangulia, watoto wanaimba nyuma. Hatujafika kwenye kiwanda cha pamba, mapaja yameanza kuwasha. Si kama mbu. Kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, kisha kiunoni, kisha tumboni. Uso moto. Moyo unapiga masikioni. Nikamwachia kiranja, nikaingia kwenye mahindi ya watu kujikuna. Baadaye mwasho ukaisha. Hakuna kipele hata kimoja.

Ijumaa, 13 Januari
Suruali yangu ya mazoezi ni ya mtumba, ya mnadani. Milembe, mwalimu ninayekaa naye chumba kimoja, anasema, "Umevaa marehemu wa Ulaya, mwenzangu. Lazima akutekenye."
Nilicheka. Kisha nikaichemsha, nikaipiga pasi mara mbili. Nikabadili na sabuni. Siku hizi dukani unachagua hata rangi.

Jumatano, 18 Januari
Nimekimbia na sketi ya zamani. Mwasho uleule. Basi si suruali. Ni mimi.
Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Dada Kabula alianza kwa kuwashwa. Alijikuna mwaka mzima kabla ya kukonda. Mimi ndiye niliyemuuguza mpaka mwisho. Nilimnyoa kichwa, nikajinyoa na mimi kwa wembe uleule. Sikufikiri.

Jumapili, 22 Januari
Masanja alikuja baada ya ibada. Msimu wa pamba humpimia mnunuzi binafsi, na sasa ana baiskeli mpya. Wazee wake wanataka kwenda kwa baba kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari. Nikamwambia wasubiri. Akauliza mpaka lini.
Nampenda. Ndiyo maana.

Jumatano, 25 Januari
Mwalimu Mkuu mpya, aliyehamia kutoka Mwanhuzi, alisema leo atakimbia nasi. Mtu wa makamo, tumbo mbele. Watoto wakamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," huku wakibana kicheko.
Karibu na kiwanda sisimizi wakaanza. Nikawa natafuta mahindi yangu. Nyuma watoto wakaangua kicheko. Nikageuka. Mwalimu Mkuu anakimbia huku anajikuna mapaja kwa fimbo, bila kujificha hata kidogo. Nikasimama kama mti.
"Usisimame, binti. Ukisimama ndiyo inakula zaidi."
Nikamuuliza kama anaumwa.
"Naumwa nini? Kila nikitoka likizo ni hivi, tangu nikiwa chuo. Miguu ilikaa sana, damu ikiingia inashtuka. Ikazanie tu, itazoea."
Nikakazana. Iliniwasha mpaka machozi. Tulipopita mahakama ya mwanzo mwasho ukapungua, na kwenye daraja haukuwepo kabisa. Nilikuwa sijawahi kufika darajani. Siku zote nilikuwa naishia kwenye mahindi.
Kweli nilikaa sana. Miaka miwili ya chuo, kisha kando ya kitanda cha Kabula.
Nikaanza kuimba na watoto. Nina sauti mbaya.

Jumapili, 29 Januari
Nimemweleza Masanja habari ya wembe. Mwasho si ugonjwa, sawa. Lakini wembe ulikuwepo, na sitaki kuolewa nikiwa nimeuficha. Akawa anachezea kengele ya baiskeli. Nilingoja aipande aondoke.
"Basi twende Mwanza tukapime damu," akasema. "Wote wawili. Wazee watasubiri."
Nililala mchana kutwa kama mtoto.

Jumatatu, 20 Februari
Majibu tulipewa juzi. Salama, mimi na yeye. Kwenye basi alinimenyea chungwa.
Wazee wanakwenda kwa baba Jumamosi.
Mvua ilinyesha usiku, barabara ilikuwa tope tupu. Tulikimbia hivyohivyo mpaka darajani na kurudi. Nilikuwa tayari shuleni, nanawa miguu bombani, ndipo nikakumbuka kwamba haikuwasha.