Sauti ya Aol Imetoka Kwenye Tivii

Nakhisa, umezima simu tena! Kila jambo kubwa likitokea, wewe unaangalia kando.

Aol amesikika kwenye tivii! Aol wetu wa Katwe, anayetangaza mpira kwenye kibanda cha video kwa Kiswahili cha kambi za jeshi!

Leo ilikuwa fainali ya wasichana. Aol alikuwa anairusha laivu kwa simu yake, kwenye ukurasa wake, kama kawaida. Mara gari la tivii likaja. Bosi wao, yuleyule aliyesema mpira wa wanawake hauna mtazamaji (mimi sisahau!), akamfokea: "Nyabo, wewe mama, toa hicho kisimu hapa!"

Haikupita hata nusu ya kwanza, jenereta yao ikafa. Bosi akarudi mpole kama kondoo. "Dada, tuazime picha zako tu."

Picha tu, Nakhisa! Studio ikaunganisha laivu ya Aol, na wakasahau kukata sauti!

Aol akaona watu wanamwandikia kwamba anasikika kwenye tivii. Banange! Akavuta pumzi: "Watazamaji, hawa mabwana wa tivii, leo ndiyo mara yao ya kwanza kuja mpira wa wanawake. Bado wanauliza goli liko wapi!"

Nchi nzima imesikia! Bosi akaja mbio. "Zima mdomo!"

"Ssebo, bwana, umeazima simu. Simu yangu ina mdomo."

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sasa watu wa tivii wamelalamika kwa wenye mtandao eti mechi ni yao. Ukurasa wa Aol utafungwa usiku huu, na mechi zote za wasichana alizozirusha zitapotea nao. Ukipata ujumbe huu tu, zipakue zote, tuma kwenye kila grupu. Sasa hivi, Nakhisa!