Taa Nilizozizima Kabla ya Kona

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana wenzangu kazini wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, kazi yangu ni kusoma mita za maji, nazunguka nyumba kwa nyumba kwa pikipiki tangu asubuhi hadi saa kumi, na mke wangu ni muuguzi wa wodi ya mifupa, sasa fikiria mwenyewe maisha ya mtu wa pikipiki aliyeoa wodi ya mifupa, kila jioni naletewa habari za mguu wa mtu. "Leo tena wawili," ananiambia hata viatu sijavua, "na madereva waliowagonga wanasema neno lile lile, sikumwona, sikumwona, mchana kweupe!" Basi akanipeleka mwenyewe kwa fundi umeme wa pikipiki, akasimama pale mikono kiunoni mpaka zikafungwa taa mbili ndogo nyeupe, moja kila upande wa taa kubwa, zinazowaka zenyewe ukiwasha injini na kukaa zinawaka mchana kutwa, ili mtu akuone ungali mbali.

Taa ni nzuri, sikatai, lakini siku ya kwanza nilipofika nazo ofisini mhasibu alitoka mlangoni kiganja kiko usoni kama anakinga jua, akapaza sauti, "Jamani, zimeni taa za ofisi tupunguze matumizi, Kimulimuli amefika!" Jina likanasa kama gundi, sasa hata mkuu wa kitengo ananiita hivyo kikaoni, hata bibi mmoja ninayemsomea mita aliniuliza kama naogopa giza la saa nne asubuhi. Nikaona aibu itaniua kabla ya gari, nikarudi kwa fundi peke yangu, nikamwomba aniwekee swichi chini ya kiti. Fundi akanitazama, akasema, "Kaka, taa hizi hazina swichi kwa makusudi," nami nikamwambia weka tu. Tangu hapo natoka nyumbani nawaka, nikikaribia kona ya duka la rangi, hatua chache kutoka ofisini, nazima, na jioni nawasha tena kabla ya kufika kwetu, mke wangu ananiona naingia getini naye anatabasamu.

Sasa sikia kilichonipata. Alhamisi moja asubuhi, nimeshazima, nipo pale pale kwenye kona, pikapu ikachomoka kutoka barabara ndogo ikanijia mbele ya pua, nikakata usukani nikaangukia lundo la mchanga wa watu wanaojenga, goti likachubuka na kioo kimoja kikavunjika, na nilipoinua kichwa nikaona anayeshuka kwenye ile pikapu ni baba mkwe wangu. Mzee huyu ameendesha malori miaka thelathini na minane bila hata mkwaruzo, na pikapu yake ndiyo raha yake ya uzeeni, inampeleka mama mkwe sokoni na majirani wakihama wanamwita yeye. Mkwe wangu, mtu ninayemwamkia huku nimeinama, akapiga magoti mchangani ananipapasa mbavu. "Mwanangu, nisamehe. Sikukuona. Sikukuona kabisa." Nikamjibu, "Hamna kitu, baba, ni mchanga tu." Habari ya swichi sikuitaja.

Jioni akaja nyumbani, akamkabidhi binti yake funguo za gari zimefungwa kwenye leso. "Mama," akasema, "kama hata zile taa mbili sikuziona mchana kweupe, macho yangu yamekwisha. Siku nyingine nitaua mtoto wa mtu." Mke wangu akalia, mzee akajikaza, mimi nikaangalia goti langu.

Hii ni wiki ya tatu, pikapu imefunikwa turubai, mama mkwe anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu kichwani, mzee anashinda kibarazani haongei, na mke wangu anawatangazia wauguzi wenzake kwamba mumewe amepona kwa sababu ya taa zake, eti bila hizo ingekuwa mbaya zaidi. Nikisema kweli, mkwe atanionaje, na mke wangu si atanifunga plasta hata kabla hajanivunja? Nikinyamaza, nimemzika mzee wa watu akiwa hai. Nifanyeje?

Kimulimuli


Ndugu Kimulimuli,

Pole kwa goti. Pole umepata, sasa tuongee.

Mke wako anashinda kuunga mifupa ya watu, akasema angalau huu wa nyumbani usivunjike, nawe ukaenda kuweka swichi. Kwa sababu ya nani? Mhasibu! Ungelazwa, mhasibu angekuja kukutazama dakika kumi, angemenya machungwa uliyoletewa wewe, angekwenda zake. Mguu ungebaki wako. Nakuelewa, hakuna anayependa kuwa kichekesho cha ofisi nzima. Lakini mtu mzima akichekwa hukasirika, hununa, au hucheka naye. Hazimi taa.

Na hilo ni dogo. Ulipomwacha mzee aamini amekuwa kipofu ili wewe usionekane mjinga, hapo ndipo ulipokosa hasa, na nafurahi kwamba linakunyima raha.

Kwa kuwa uliandika namba ya simu chini ya barua, sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia Jumatatu nikakuambia uende kwa mzee siku hiyo hiyo. Ukanijibu, "Leo kuna mvua, mama," na nyuma yako nikamsikia mtu analalamika jua kali. Nikakupa hadi kesho yake.

Jumanne ukaenda, na niseme kwa wasomaji yaliyotokea kama ulivyonisimulia. Ulimkuta mzee kibarazani. Ukawasha pikipiki, ukamwonyesha swichi chini ya kiti, ukasema, "Baba, hukuziona taa kwa sababu nilikuwa nimezizima." Mzee akainuka, akabonyeza swichi. Taa zikawaka. Akabonyeza tena zikazimika. Akafanya hivyo mara nyingi, nawe jasho linakutoka.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Fundi tu."

"Na binti yangu?"

"Bado, baba."

Mzee akageuka kuhakikisha mama mkwe hayupo mlangoni, akashusha sauti. "Siku ile pakiti ya biskuti ilidondoka miguuni pangu. Nikainama kuiokota, nikainuka, nikatupa jicho mara moja tu, nikaingia barabarani. Daktari amenikataza sukari, na binti yangu ananikataza kuliko daktari. Ningesema nini?"

Ukaniambia mlicheka mpaka mkashikana mabega. Mama mkwe akatoka kuuliza kuna nini, nanyi mkajibu kwa pamoja, "Hakuna kitu." Hapo ndipo mliponiudhi! Mlikuwa na siri mbili tofauti, sasa mna moja kubwa ya ushirika. Mzee alituma ujumbe kwamba biskuti isitajwe gazetini. Sikuahidi.

Sasa sikiliza. Leo nenda kwa fundi, swichi itoke, waya urudi kwenye ufunguo wa injini. Mwambie pia azielekeze taa chini kidogo zisiwachome macho wanaokuja mbele yako. Ukifika kwenye kona punguza mwendo hata kama unawaka kama jua, kwani aliyeinama kuokota biskuti haoni taa ya mtu yeyote. Mzee naye aende akapimwe macho. Asiyapime kwenye kona, ayapime kwa daktari, na daktari akiridhika achukue funguo zake, aondoe turubai, ampeleke mama mkwe sokoni. Biskuti ziwekwe mbali na usukani, na mbali na mzee. Jina la Kimulimuli lipokee, uitike kwa sauti kubwa. Baada ya wiki mbili mhasibu atatafuta mwingine.

Limebaki moja. Uliniambia mke wako ndiye anayenunua gazeti hili, Jumamosi asubuhi, na kwamba huanza kulisoma kutoka nyuma. Ukurasa wangu ni wa pili kutoka nyuma. Kwa hiyo kama umewahi kulishika wewe, likunje, mpigie mzee simu aje sasa hivi, mkae mbele ya mke wako wote wawili mseme yote kabla chai haijapoa. Na kama ni wewe, dada muuguzi, uliyetangulia kulifungua: pole sana, ndugu yangu, na tafadhali waadhibu kwa zamu. Anza na mumeo, baba ni mzee.